Baozi: jinsi ya kupata andazi la mvuke zuri mjini bila kupigwa, na namna ya kulipika ukiwa Malampaka

Lile andazi jeupe la Wachina, laini kama pamba, lisilo hata na tone la mafuta kwa nje, linaitwa baozi. Halikaangwi, halichomwi. Linapikwa kwa mvuke. Ukilipasua katikati unakuta nyama, mboga au maharage yaliyopondwa na sukari.

Kwetu Malampaka, Wilaya ya Maswa, Wachina si wageni tena. Reli ya SGR kipande cha Mwanza hadi Isaka, kilomita 341, imepewa kampuni mbili za China, CCECC na CRCC. Rais Samia Suluhu Hassan aliweka jiwe la msingi Fela, Misungwi, Juni 14, 2021, na njia yake inapita hapa hapa kwetu. Ndiyo maana vijana wengi wanauliza: wale jamaa wanakula nini asubuhi, na ukienda mjini unakipata wapi kizuri?

Swali linaonekana dogo. Sikiliza yaliyompata binamu yangu.

Alikwenda Dar kufuata mzigo Kariakoo. Jioni akaingia mgahawa mmoja wa Kichina, akaagiza baozi la nyama. Akauliza, "Nyama gani?" Mhudumu akajibu, "Nyama tu." Akala la kwanza, akala la pili. La tatu akiwa amelishika mkononi, mtu wa meza ya jirani akamwambia kwamba hapo nyama yao ni ya nguruwe. Binamu ni Muislamu. Hakugombana na mtu. Alilirudisha kwenye sahani, akalipa, akatoka.

Kwa hiyo hii si habari ya kula bata tu. Ni kujua unachonunua kabla hujakiweka mdomoni. Twende hatua kwa hatua.

Kwa ufupi, kama una haraka

- Baozi lina kitu ndani. Mantou halina kitu, ni unga mtupu.
- Zuri linatoka kwenye mvuke muda huo huo. Lililokaa kabatini likapoa, achana nalo.
- Kwa Wachina, neno "nyama" likisemwa peke yake mara nyingi ni nguruwe. Uliza mpaka utajiwe mnyama.
- Hata la mboga au la maharage linaweza kuwa na mafuta ya nguruwe.
- Nusu kilo ya unga wa ngano inatoa maandazi 16 hivi. Sufuria na jiko la mkaa vinatosha.

Baozi ni nini hasa?

Ni donge la unga wa ngano lililotiwa hamira, likaumuka, likafungwa na kitu ndani, kisha likapikwa juu ya maji yanayochemka bila kugusa maji. Kwa kutamka, ni karibu na "baodzi".

Ndugu yake ni mantou, ambalo halina kitu ndani. Mantou linaliwa kama sisi tunavyokula ugali: unakata kipande, unasindikizia mboga. Ukipewa mantou ukadhani umeibiwa nyama, hujaibiwa. Ndivyo lilivyo. Ila maeneo kama Shanghai na Wenzhou neno mantou linatumika hata kwa lenye kitu ndani, kwa hiyo usishangae.

Asili yake ni kaskazini mwa China, ambako ngano ndiyo zao kubwa. Kusini wao ni watu wa mpunga. Wachina wana hadithi ya zamani kwamba mantou lilibuniwa na Zhuge Liang, kiongozi wa vita wa karne ya 3. Hiyo ni hadithi, ichukue hivyo. Jina baozi lenyewe lilishika katika enzi ya Song, kati ya mwaka 960 na 1279. Mji wa Tianjin una duka maarufu la Goubuli lililoanza mwaka 1858.

Kwa nini jeupe? Rangi ya kahawia ya mkate au andazi huja kwa joto kali, zaidi ya nyuzi 140 hivi. Mvuke wa sufuria ya kawaida hauzidi nyuzi 100. Kwa hiyo ngozi ya baozi haiungui wala haikauki. Inabaki nyeupe na laini.

Jina linabadilika kila nchi

Baozi limesafiri Asia nzima, na kila nchi imelipa jina lake. Ukiyajua haya, hutapotea kwenye menyu yoyote:

- Char siu bao: la Kikantoni, kusini mwa China na Hong Kong. Juu limepasuka kama ua. Ndani ni nguruwe wa kuchoma mwenye utamu kidogo.
- Nikuman: Japani. Kwa kawaida ni nguruwe. Lenye maharage mekundu matamu wanaliita anman.
- Jjinppang: Korea. Lina maharage mekundu matamu.
- Bánh bao: Vietnam. Kubwa, mara nyingi lina nguruwe na yai ndani.
- Siopao: Ufilipino. Uliza nyama, maana la nguruwe ni la kawaida.
- Salapao: Thailand.
- Pau: Malaysia na Singapore.
- Bakpao: Indonesia. Huko Waislamu ndio wengi, kwa hiyo la kuku na la choroko ni ya kawaida.

Umeona hapo mwisho? Choroko. Hii hii tunayolima Simiyu na Kanda ya Ziwa nzima. Mwindonesia anaichemsha, anaiponda na sukari, anaifungia ndani ya unga mweupe na kuiuza barabarani. Tutairudia.

Kuna pia gua bao la Taiwan, ambalo limekunjwa kama mkate uliofunuliwa, nyama inawekwa katikati. Na xiaolongbao, dogo, lenye supu ya moto ndani. Hilo ukilitupia mdomoni zima unaungua ulimi. Litoboe kwanza, unywe supu, ndipo ule.

Usichanganye na momo ya Nepal au dumpling za Kichina. Hizo kwa kawaida hazina hamira, ngozi yake ni nyembamba kama ya tambi.

Mjini utalipata wapi?

Kwanza ondoa wazo hili: si kila mgahawa wenye taa nyekundu na picha ya joka unauza baozi. Mingi inauza wali wa kukaanga, tambi na kuku wa pilipili kwa sababu ndivyo wateja wengi wanavyoagiza. Baozi linataka mtu wa kukanda unga alfajiri. Asipokuwepo, halipo, au lipo la kwenye friza.

Dar es Salaam, anza na maeneo ambayo migahawa ya Kichina imejazana: Masaki, Msasani, Oysterbay na Mikocheni. Kariakoo nako kuna Wachina wengi wafanyabiashara, na walipo wafanyabiashara hapakosi mtu anayewapikia. Nairobi, tembelea Kilimani na Hurlingham.

Kwa mtu wa Malampaka, Mwanza ndiyo jiji la karibu. Ushauri wangu ni mmoja: piga simu kabla hujapanda gari. Uliza maswali matatu tu. Mnauza baozi? Mnatengeneza wenyewe? Yanatoka jikoni saa ngapi? Mtu akisitasita kwenye swali la pili, umeshapata jibu.

Mbinu nyingine za mtaani:

1. Fuata Wachina wenyewe. Wakiwa wamejaa mgahawani asubuhi, wanakula na familia, hapo pana kitu. Ukikuta meza zote ni za wageni wa hoteli, fikiria mara mbili.

2. Nenda asubuhi. China baozi ni chakula cha asubuhi, kama chai na chapati kwetu. Ukienda saa 3 usiku unakula mabaki yaliyopashwa. Migahawa ya Kikantoni nayo huwa na mlo wa vitafunwa vidogo na chai, unaoitwa dim sum, zaidi mwisho wa wiki kuanzia asubuhi hadi mchana. Hapo ndipo uchaguzi unakuwa mpana.

3. Tafuta mvuke kwa macho. Vikapu vya mianzi vilivyopandana, moshi mweupe unatoka. Usipouona, uliza.

4. Angalia maduka ya vyakula vya Kichina. Huwa na baozi na mantou kwenye friza. Si sawa na la jikoni, lakini ukilipasha kwa mvuke dakika 10 hadi 15, bila kuliyeyusha kwanza, linakuwa zuri. Usilitie kwenye maikrowevu likiwa kavu. Litakauka kama kiatu.

5. Uliza bei kabla. Ni ya moja au ya sahani? Sahani ina mangapi? Kodi imo ndani? Watu wengi wanapigwa hapa: wanaona bei ndogo, wanaagiza matano, kumbe kila moja lilikuwa na bei yake.

Kwa ndugu zetu wanaokwenda Guangzhou kufuata mzigo, eneo la Xiaobei lina Waafrika wengi na migahawa mingi ya Kiislamu. Ukitoka nje ya eneo hilo, jua kwamba char siu bao la nguruwe liko kila kona. Walioko Dubai, sehemu za Wachina ni karibu na Dragon Mart, pale International City.

Swali la nyama: hapa usione aibu

Hii ndiyo sehemu muhimu kuliko zote, kwa Muislamu, Msabato na yeyote asiyekula nguruwe.

Kwa Kichina, nyama ni *rou*. Lakini rou ikisemwa peke yake, bila jina la mnyama, Mchina wa kawaida anaelewa nguruwe, kwa sababu ndiyo nyama inayoliwa zaidi kwao. Kwa hiyo mhudumu akisema "nyama tu", huenda hakudanganyi. Anatafsiri tu. Ndicho kilichompata binamu.

Chukua simu yako, piga picha ya maneno haya. Ukifika, yaonyeshe:

- 猪肉 (*zhurou*): nyama ya nguruwe
- 牛肉 (*niurou*): nyama ya ng'ombe
- 羊肉 (*yangrou*): nyama ya mbuzi au kondoo
- 鸡肉 (*jirou*): nyama ya kuku
- 素 (*su*): bila nyama
- 豆沙 (*dousha*): maharage mekundu matamu
- 清真 (*qingzhen*): halali

Neno la mwisho ndilo la kushika. China ina Waislamu wake, wakiwemo watu wa kabila la Hui, ambao wamekula baozi la ng'ombe na la kondoo kwa karne nyingi. Mgahawa wao huandikwa 清真 mlangoni. Kwa hiyo baozi si chakula cha nguruwe kwa asili yake. Inategemea nani amelifunga.

Sasa mtego wa pili. La mboga linaweza kuwa limekaangiwa mboga zake kwa mafuta ya nguruwe. Hata dousha tamu, kwa mapishi ya zamani, hulainishwa kwa mafuta hayo hayo. Swali sahihi si "lina nyama?" Uliza hivi: "Kuna nguruwe au mafuta yake humu?" Na sufuria je, na kikapu kimoja kinapikia yote? Mtu akikereka kwa swali lako, simama uondoke. Hela ni yako na dini ni yako.

Wenye mzio nao wawe macho. Baozi ni ngano, na soya sosi ni soya na ngano. Wapo wanaotia ufuta, karanga au kamba wadogo.

Utajuaje kwamba ni zuri?

Ukishaletewa, usikimbilie kula. Tumia macho, pua na vidole.

Ngozi. Iwe kavu kidogo kwa juu, nyororo, bila mashimo. Ikiwa na madoadoa ya njano, kuna unga wa kuumulia ambao haukuchanganyika vizuri. Ikiwa na maji maji juu, mfuniko ulidondosha matone.

Kidole. Bonyeza taratibu. Zuri linarudi juu lenyewe. Likibaki limebonyea kama godoro kuukuu, halikuiva au liliumuka kupita kiasi.

Harufu. Iwe ya ngano na utamu kidogo. Harufu ya uchachu kama togwa iliyopitiliza maana yake donge lilisahaulika.

Katikati. Pasua. Vitundu viwe vidogo na vinavyofanana. Ukiona tabaka linalonata, la rangi ya kijivu, karibu na nyama, halijaiva. Lirudishe.

Kiasi cha ndani. Unga uwe mwembamba juu na chini kwa usawa. Baozi baya lina bonge la unga kitakoni na nyama kama punje. Umelipia nyama, umekula unga.

Joto. La nyama liwe la moto kweli. Chakula kilichopikwa kikikaa zaidi ya saa 2 kwenye joto la kawaida, vijidudu vinazaliana. Muuzaji anayeweka mazingira mazuri analiacha juu ya mvuke, zaidi ya nyuzi 60, hadi linapouzwa. La vuguvugu kutoka kwenye ndoo ya plastiki, usijaribu bahati yako.

Huna nauli ya mjini? Pika mwenyewe

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Kila kitu kinachohitajika unaweza kukikusanya Malampaka. Ni unga, hamira, sukari, maji na moto. Mtu anayejua kukanda unga wa maandazi ameshamaliza nusu ya kazi.

Unga (maandazi 16):

- Unga wa ngano nusu kilo
- Maji ya vuguvugu robo lita, na kidogo cha kuongeza
- Hamira kijiko cha chai 1 na nusu
- Sukari vijiko vya chakula 2
- Mafuta ya kula kijiko cha chakula 1
- Chumvi kidogo sana

Hatua:

1. Changanya vyote, kanda dakika 10 mpaka donge liwe laini na lisishike mkono. Liwe gumu kidogo kuliko la maandazi.

2. Funika kwa kitambaa kibichi. Liache liumuke mpaka liwe mara mbili. Mchana wa jua letu ni dakika 45 hadi saa 1. Siku ya baridi ngoja zaidi. Usiangalie saa, angalia donge.

3. Kanda tena dakika 3 ili hewa itoke. Hapa wengi wanakosea, wanaruka, halafu andazi linatoka na mashimo kama limeng'atwa na panya.

4. Kata vipande 16. Sukuma kila kimoja kwa mti wa chapati, kingo ziwe nyembamba kuliko katikati.

5. Weka kijiko kimoja cha kitu cha ndani. Kunja kingo mikunjo mikunjo kuzunguka, kisha minya juu pafungwe kabisa.

6. Weka kila moja juu ya kipande cha jani la mgomba au karatasi iliyopakwa mafuta. Liache liumuke tena dakika 15 hadi 20. Ukilishika liwe jepesi.

Mvuke bila kikapu cha mianzi

Chukua sufuria kubwa. Weka maji kina cha vidole 3. Ndani weka bakuli la bati lililopinduliwa, juu yake sahani ya bati iliyotobolewa matundu. Maji yasifike kwenye sahani. Funga mfuniko kwa kitambaa kisafi, ncha zikae juu zisishike moto. Kitambaa kinanyonya matone, ngozi haiwi na maji.

Maji yakichemka, panga maandazi kwa nafasi, maana yanakua. Ya maharage dakika 12. Ya nyama mbichi dakika 15. Kwetu ongeza dakika 2: Kanda ya Ziwa iko juu ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100.

Usifunue katikati ya safari. Yakiiva, epua sufuria, subiri dakika 3 hadi 5 ndipo ufunue taratibu. Ukifunua ghafla, hewa baridi inaingia na maandazi yanasinyaa mbele ya macho yako. Inauma, naijua.

Ndani tuweke nini?

La ng'ombe: nyama ya kusaga robo kilo, kabichi iliyokatwa ndogo ndogo kikombe 1, kitunguu, tangawizi, soya sosi vijiko 2, chumvi. Kabichi itie chumvi kwanza, subiri dakika 10, ikamue maji. Usipokamua, chini litaloana.

La choroko: choroko kikombe 1, loweka usiku kucha, chemsha mpaka zilainike, chuja, ponda. Rudisha jikoni na sukari nusu kikombe na chumvi kidogo. Koroga mpaka ikauke na kushikana kama ugali. Ukiwa na tui la nazi, tia kikombe nusu wakati unakoroga. Hapo umekaribia kabisa ladha ya Indonesia, kwa choroko ya Maswa.

Bila kitu ndani: ndiyo mantou. Kula na maharage, mchuzi wa samaki au chai.

Matobolwa? Nimejaribu. Ukiyaloweka, ukayachemsha na kuyaponda, yanafaa, tena yana utamu wake bila sukari nyingi.

Linaweza kuwa biashara stesheni?

Linaweza, ila fanya hesabu kabla ya kushabikia.

Faida ya kwanza: hakuna mafuta ya kukaangia. Anayepika maandazi anajua mafuta yanavyomla faida. Ya pili: la choroko halina gharama ya nyama wala wasiwasi wa kuharibika haraka kama la nyama. Ya tatu: anayekatazwa mafuta mengi na daktari anapata kitafunwa.

Hasara: linataka mkaa kwa muda, linataka kuuzwa likiwa moto, na watu wa kwetu wamezoea andazi la kahawia. Jeupe watalisema halijaiva. Kata moja mbele yao, waonje bure. Siku ya kwanza pika 16 tu. Andika gharama ya unga, hamira, sukari, choroko na mkaa, gawanya kwa 16, ndipo upange bei.

Na jambo moja la kweli. Wachina wa mradi ni wa kupita. Hata wale waliojenga TAZARA kati ya mwaka 1970 na 1975, kilomita 1,860 hadi Kapiri Mposhi, kazi ilipokwisha wengi walirudi kwao. Usijenge biashara juu ya mteja atakayeondoka. Reli ya zamani ya Tabora hadi Mwanza ilikamilika mwaka 1928, na treni zake zimekuwa zikipitisha abiria wenye njaa miaka yote hiyo. Mteja wako ni huyo, pamoja na jirani na mwanafunzi.

Ukibakiwa

Yapoe kabisa, yafunge kwenye mfuko, weka kwenye friji siku 2 au friza mwezi mmoja. Kupasha ni kwa mvuke, dakika 5 ya friji, 10 hadi 15 ya friza. Mantou lililolala unaweza kulikata vipande na kulikaanga kwa mafuta kidogo, ukachovya kwenye maziwa mazito matamu. Hilo watoto hawabakishi.

Binamu naye? Mwezi uliopita nilimwalika nyumbani. Kabla sijamkaribisha kula nilimwonyesha mfuko wa unga, chupa ya mafuta na choroko zilizobaki kwenye bakuli. Alivitazama kimoja kimoja, akachukua la kwanza, akalipasua, akalinusa. Alikula manne, mengine mawili akafungasha ya njiani.